Kilo tano za magunia zilivyonirudisha kwenye hesabu

Juzi dada mmoja wa Nachingwea kanitumia meseji, "una bahati ulizaliwa na kichwa cha hesabu, mimi nina miaka 36 naanzia wapi?" Nilicheka peke yangu. Bahati! Mimi niliyemaliza la saba hapa Newala nikiwa naibia hesabu kwa wa dawati la mbele.

Toka stakabadhi ghalani, ule mfumo wa kuuza mazao kupitia maghala, iingie huku 2007, korosho tunapeleka chama cha msingi, zinauzwa mnadani, afu mkulima unaletewa karatasi, kilo hizi, bei hii, makato haya na yale, chako hiki hapa. Mimi nilikuwa naangalia mstari wa mwisho tu. Msimu mmoja pesa nikaiona haikai sawa, nikainuka mkutanoni nikauliza hii asilimia ni asilimia ya nini. Kiongozi mmoja akanijibu, "mama kaa, hesabu zina wenyewe." Watu wakacheka, na jirani yangu anayekopa chumvi kwangu naye akacheka. Mpaka leo nikikumbuka masikio yanapata moto.

Usiku ule nikachukua kitabu cha mwanangu. Swali, 2 + 3 × 4, nikaandika 20 kwa kujiamini kabisa. Mtoto akasema mama ni 14, MAGAZIJUTO hiyo, unazidisha kwanza ndo unajumlisha. Nikambishia weee, mwisho nikanyamaza.

Ila sehemu ndo zilinitesa. ½ + ⅓ nilikuwa naandika 2/5, juu kwa juu chini kwa chini, nikidhani nimemaliza. Siku moja asubuhi nina nusu chapati mkononi, nikaongeza theluthi ya nyingine, nikatazama. 2/5 haifiki hata nusu, sasa mtu ana nusu na kaongezewa, iweje apungukiwe? Nikakata chapati vipande sita sita, nusu ni vitatu, theluthi ni viwili, jumla vitano kati ya sita. 5/6! Chai ilipoa siku hiyo.

Baada ya mwaka na kitu nikaitoa ile karatasi sandukuni. Asilimia zilikuwa sawa, kumbe tatizo magunia. Uzito wa magunia yenyewe matano, kilo moja moja, walishautoa kwenye mzani wakautoa tena kwenye karatasi. Kilo 5 kwa bei ya shilingi 2,740, 5 × 2,740 ni 13,700. Nikaipeleka, wakasema msimu ule umeshafungwa. Haya. Ila safari hii hakuna aliyecheka.

Sasa ndugu zangu tuache hii tabia ya kusema hesabu ni za wenye akili. Hesabu ni peni na daftari, huwezi kuzisoma kwa macho kama gazeti. Nusu saa kila siku, kalkuleta ya simu iwe ya kuhakiki tu ukishamaliza. Nimesema kila siku, maana najua mtaniambia hamna muda, na status za watu mnazimaliza zote mpaka ya mwisho.

Na wewe dada wa Nachingwea, anza na kitabu cha darasa la nne, usiruke. Ukiona aibu kwa majirani kifunike na gazeti, mimi changu nilikifunika miezi sita nikisema ni kitabu cha dini.