Ukichonga Gitaa, Uso Kwanza

Karibu kila anayeniambia anataka kuchonga gitaa huanza kuniuliza atapata wapi mninga au mpingo. Namwelewa. Ni miti yetu, ina rangi ya kupendeza, na mpingo wa Kilwa na Lindi husafirishwa hadi Ulaya kutengenezewa klarineti. Nami humuuliza: uso je, utautoa wapi?

Uso ni ule ubao wa mbele wenye tundu. Nyuzi zikipigwa, huo ndio unaotikisika na kutoa sauti. Mgongo na mbavu, yaani mbao za pembeni, ni wasaidizi. Mhispania Antonio de Torres alilionyesha hilo mwaka 1862, alipotengeneza gitaa lenye mgongo na mbavu za karatasi ngumu, uso akauacha wa mbao safi. Gitaa hilo bado limehifadhiwa kwenye jumba la makumbusho mjini Barcelona.

Kwa hiyo mninga weka mgongoni. Uso unataka mbao nyepesi na ngumu kwa pamoja, iliyokauka kwelikweli. Wazungu hutumia sprusi, mti wa nchi za baridi. Mimi natumia saipresi kuukuu, mbao za dari zilizotolewa kwenye nyumba za zamani kule Iringa. Tazama kichwa cha ubao: ile mistari ya umri iwe imesimama wima na imebanana. Ikiwa imelala, uache ubao huo hata ukipewa bure, maana utapinda. Na usimwamini muuzaji akikwambia imekauka. Niliwahi kuuziwa mbao "kavu", nikaunganisha mgongo vizuri kabisa, na baada ya miezi miwili ukapasuka kuanzia chini hadi karibu na kiuno. Siku hizi mbao yoyote nayonunua nailaza darini kwangu mwaka mzima, nikiwa nimeweka vijiti katikati ili hewa ipite.

Gitaa langu la kwanza niliuacha uso na unene wa milimita 4 kwa kuogopa usije ukavunjika. Haukuvunjika, ila sauti yake ilikuwa kama ya mtu anayebisha mlango. Sasa napiga randa kidogokidogo, nikishanoa randa kwenye kinoo hadi ikate unywele wa mkono. Kila nikipunguza kidogo naushika ubao kwa vidole viwili karibu na ukingo, nauning'iniza sikioni, naugonga katikati kwa ncha ya kidole. Mwanzoni unasema "dup" na kunyamaza. Ukifika karibu milimita 3 unaanza kuvuta sauti. Penye milimita 2.5 hivi, ukiupinda kwa mikono unakubali bila kulegea, na ukiugonga unalia hadi uhesabu mbili. Hapo weka randa chini. Saipresi yako na yangu hazifanani, kwa hiyo rula ikupe njia tu, sikio ndilo liamue. Nyuma ya uso nabandika fito saba nyembamba, zimetawanyika kama vidole vya mkono uliofunguliwa, kwa mtindo uleule wa Torres.

Mbavu nazipunguza hadi milimita 2, nazilowesha, kisha nazikunja polepole juu ya bomba la chuma lililopata moto. Ukiona mbao inakataa, ongeza maji na usubiri. Ukitumia nguvu itakatika.

Shingo naichonga kwa tupa ya mbao na kuimalizia kwa kipande cha kioo, huku nimefumba macho na kuipitisha kiganjani. Kiganja huona kinundu ambacho jicho limekipita.

Kwenye freti, vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo, hesabu ndiyo inayotawala. Kama uzi una urefu wa milimita 650, gawanya kwa 17.817: freti ya kwanza iko milimita 36.5 kutoka kichwani, pale uzi unapoanzia. Kilichobaki kigawanye tena kwa namba ileile, hivyohivyo hadi mwisho. Ya 12 lazima ianguke kwenye 325 kamili. Ila unapoweka alama, pima kila freti kuanzia kichwani. Ukipima kutoka freti moja hadi nyingine, kosa la nusu milimita litakua kila hatua, na hakuna msasa utakaolirekebisha.

Daraja, kile kipande cha mbao kinachoshikilia nyuzi juu ya uso, ndilo lililonitia uchungu zaidi. Nyuzi sita za nailoni huvuta kwa nguvu ya kilo 40 hivi, na mzigo wote huo unashikwa na gundi. Gitaa langu la pili nilipaka vanishi uso mzima, likang'aa, ndipo nikabandika daraja juu yake. Usiku wa tatu nikasikia mlio mkali sebuleni. Asubuhi nikakuta daraja linaning'inia kwenye nyuzi, na chini yake lina ngozi ya vanishi. Gundi ilikuwa imeshika vanishi, mbao haikuigusa kabisa. Tangu hapo hufunika sehemu ya daraja kwa utepe kabla ya kupaka vanishi. Nikishautoa, nakwangua hadi mbao tupu ionekane, nabandika, nabana usiku kucha, na nyuzi natia siku ya tatu.