Simba Mwenye Miwani na Kanga Isiyosomeka

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule ya sekondari ya kutwa mkoani Tanga, na mwaka jana nilikabidhiwa pia funguo za maktaba. Tuna kompyuta moja, nayo hupata intaneti kwa bando la simu yangu. Wenzangu wananihimiza nitumie tovuti za kutengeneza picha kwa akili mnemba ili wanafunzi wavutiwe na vitabu. Nilipojaribu, darasa zima liliishia kumcheka simba aliyevaa miwani, na kipindi kikaisha. Je, zana hizi zina faida ya kweli au ni mchezo tu?
Mwalimu wa Maktaba, Tanga

JIBU: Mwalimu, simba wako hana kosa. Picha ikitangulia na somo likatafutwa baadaye, wanafunzi watacheka tu, na wana haki ya kucheka. Anza na maandishi. Picha ije kuyapima.

Mimi nilianza na kanga. Nilileta doti moja darasani nikawataka wanafunzi wa kidato cha pili waieleze kwa maneno, kisha nikayaingiza maelezo yao kwenye zana neno kwa neno, bila kusahihisha chochote. Jaribio la kwanza lilituletea ndege mwenye madoadoa, kwa kuwa hakuna aliyekumbuka kutaja kwamba tunazungumzia nguo. La pili lilileta kitambaa chenye pindo pande mbili tu, na chini ya mji, yaani sehemu ya katikati ya kanga, mahali pa jina, yaani msemo wake, palikuwa na vijiti na vitanzi vilivyofanana na herufi lakini havikusomeka katika lugha yoyote. Hapo ndipo somo lilipoanza: walirudi kwenye daftari wakaongeza kwamba pindo huzunguka pande zote nne, wakabishana kama kosa la jina ni lao au la mashine, na binti mmoja akasema kwamba kanga isiyo na jina haiwezi kumsema jirani. Nusu saa nzima walikuwa wakisahihisha sentensi zao wenyewe, kazi ambayo kalamu yangu nyekundu haijawahi kuwafanyisha kwa hiari.

Kuhusu herufi, sababu yake inafaa kuelezwa darasani. Zana hizi zimejifunza kutokana na picha nyingi mno zilizokusanywa mtandaoni, na nyingi kati ya zana hizo huichukulia herufi kama umbo jingine lolote la kuchorwa, pasipo kujua tahajia. Zilizotoka karibuni zimeboreka, hasa kwa Kiingereza. Kwa hiyo jina la kanga lipelekeni kwenye zana za aina ya zamani, zile ambazo unaandika maneno yako nazo zikayabandika juu ya picha iliyokwisha kuwapo, iwe bango, ukurasa wa gazeti au katuni yenye kiputo cha maneno. Humo ulichoandika ndicho kinachotokea. Canva, tovuti ya kusanifu mabango na kadi, hufanya kazi hiyo vizuri, na ina toleo la elimu lisilo na malipo kwa walimu wa shule za msingi na sekondari waliothibitishwa. (Nakuomba tu usiziite jenereta, kama zinavyoitwa kwa Kiingereza, mbele ya mkuu wa shule, asije akaulizia bei ya dizeli.)

Maktabani ningefanya jambo moja tu. Tengeneza picha ya mtepe, chombo cha kale cha baharini cha pwani yetu, uibandike karibu na rafu ya historia, na chini yake uandike: "Picha hii imetengenezwa na mashine. Tafuta makosa yake." Anayedai kosa alete kitabu na namba ya ukurasa. Mtepe ulishonwa kwa kamba za nazi badala ya kupigiliwa misumari, na tanga lake lilikuwa la mkeka, la umbo la mraba. Mashine aghalabu itachora jahazi la kawaida. Maandishi yale ya chini usiyaache kamwe, la sivyo mwanafunzi atakwenda kuuchora mtepe wenye misumari kwenye mtihani.

Bando lako lisikutie hofu. Tengeneza picha tatu au nne nyumbani usiku, uzihifadhi, na darasani uonyeshe jaribio moja tu la moja kwa moja.

SWALI: Naweza kupandisha picha za wanafunzi wangu wa darasa la tano zigeuzwe katuni kwa ajili ya kadi za maktaba?
Mkutubi, Mombasa

JIBU: Usipandishe. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inadai ridhaa ya mzazi au mlezi kabla ya kushughulikia taarifa za mtoto, na Tanzania nayo ina sheria yake ya mwaka 2022. Isitoshe, huduma nyingi za aina hii haziruhusu akaunti ya mtoto aliye chini ya miaka 13, kwa hiyo akaunti iwe yako na kibodi iwe mikononi mwako. Kadi ya maktaba mtoto ajichore kwa penseli. Katuni mtengenezeeni Sungura: jina lake, tabia yake, deni analodaiwa na Fisi, na tarehe ya kurudisha kitabu.