Gari Jipya, Giaboksi Inatetemeka, na Wao Wanasema "Ni Kawaida"

Jumanne usiku nimeshazima taa, ujumbe ukaingia kutoka kwa msomaji wa Mbeya. "Dada, gari langu halijamaliza hata mwaka. Kwenye foleni linashtua kama mtu mwenye kwikwi. Nimelirudisha mara mbili, wananiambia ni kawaida ya gari. Nifanyeje?"

Usingizi ukakata. "Ni kawaida ya gari." Maneno yale yale niliyoambiwa mimi, na nadhani hata sauti ilikuwa ile ile, ile ya mtu anayemtuliza mtoto aliyeangusha ice cream.

Ngoja niwasimulie. Mwaka juzi nilinunua gari jipya. Siyo jipya la yadi, ambalo Mjapani amelitembelea miaka tisa na sisi tunaliita jipya kwa kuwa limefungwa namba jana. Nasema sifuri kilomita, viti bado vina nailoni. Miaka sita ya kupamba kumbi za harusi, usiku wa manane niko juu ya ngazi nafunga vitambaa, na mkopo wa SACCOS juu yake: Sh milioni 86. Wengi mnaonisoma mko njia hiyo hiyo, mnajua uchungu wa hiyo hela. Shemeji yangu alilizunguka mara moja, akapiga teke tairi, akasema, "Kwa hela hii si ungepata mawili ya Japan na chenji ya kiwanja?" Nikamjibu kwa maringo kwamba mimi nimenunua waranti. Miaka 3 au kilomita 100,000, kitakachotangulia.

Kwenye kilomita 2,400 likaanza. Barabara ya Mandela, saa kumi na moja jioni, kati ya Tazara na Buguruni. Ukiachia breki na kugusa mafuta kidogo tu, gari zima linatetemeka sekunde mbili tatu, kama bajaji iliyopita juu ya rasta, kisha linatulia kana kwamba siyo lenyewe. Asubuhi halifanyi. Ukienda nalo Bagamoyo njia ikiwa nyeupe halifanyi. Mpaka lichemke, dakika arobaini za kusogea na kusimama. Sasa fikiria: mimi naliendesha jioni kwenye foleni, gereji ya wakala inalipima saa nne asubuhi kwa kuzunguka jengo mara mbili.

Mara ya kwanza kijana wa mapokezi aliandika kwenye kadi ya kazi "kelele ya giaboksi". Mimi sikusema kelele. Nilisema mtetemo, likiwa limechemka, likitoka kusimama. Nikasaini bila kusoma. Mafundi wakasikiliza kelele kutwa nzima, kelele hakuna, nikapigiwa simu nije nilichukue. Mara ya pili: "Mama, haya magari ndivyo yalivyo." Mara ya tatu akaniuliza kama mzee yupo, aje waelewane naye mambo ya kiufundi. Mzee gani? Kadi ya gari ina jina langu. Marejesho ya SACCOS yanakatwa kwangu. Sentensi hizi nimezifuta mara nne kwa sababu nilijiahidi makala iwe ya ushauri na siyo ya hasira, lakini naona ziache zibaki.

Na mimi nilikosea, nisijifanye malaika. Sevisi ya kilomita 10,000 niliifanya kwenye 11,300 kwa sababu ilikuwa msimu wa harusi. Siku nilipoanza kubana, hilo ndilo jambo la kwanza walilolitoa: "Ratiba hukufuata." Baya zaidi, fundi mmoja wa mtaani, mtu mzuri, alishaingia chini ya gari langu na spana mkononi. "Dada, hii ni haidroliki tu, oili ya giaboksi, tunamwaga tunaweka nyingine, laki moja na nusu imeisha." Nilimzuia kizibo kikiwa bado hakijafunguliwa. Angeifungua, leo ningekuwa nalipa giaboksi mwenyewe. Giaboksi ya gari langu ni ya mkanda badala ya gia, ile ya CVT, na oili yake siyo haidroliki ya kawaida unayoikuta dukani Gerezani. Ukichanganya unaiua, na waranti unaizika nayo.

Kilichogeuza mambo ni chupa ya maji.

Nilikataa kuacha gari. Nikamwambia foromani, mzee mmoja mpole ambaye kumbe muda wote hakuwahi kuambiwa habari zangu, "Baba, leo usilipime. Leo panda na mimi jioni." Akapanda. Tazara, kimya. Tukasogea, tukasimama, tukasogea. Kimya. Nikaanza kuona aibu, kama unayempeleka mtoto hospitali homa ikashukia mlangoni. Foromani alikuwa ameweka chupa yake ya maji, nusu imejaa, kwenye kishikio katikati ya viti. Kwenye taa za Buguruni nikaachia breki, na maji ndani ya chupa yakaanza kufanya viduara vidogo vidogo, kisha chupa yenyewe ikagonga plastiki ta-ta-ta-ta. Mzee aliiangalia ile chupa, hakuniangalia mimi. Akasema, "Rudia." Nikarudia mara tatu. Akasema, "Hii siyo kawaida."

Ndugu zangu, nililia pale pale, na daladala nyuma inanipigia honi.

Njiani kurudi alinieleza kwa mikono. Hakuna gia ya kwanza wala ya pili humo ndani. Kuna puli mbili na mkanda wa chuma katikati yake. Puli moja ikijibana, nyingine inajitanua, ndivyo gari linavyobadilisha mwendo. Oili ndiyo inayosukuma hizo puli ziubane mkanda. Presha ya oili ikiyumba, mkanda unateleza na kushika, unateleza na kushika, na wewe huko juu unasikia mtetemo. Akanieleza pia yaliyo kawaida kweli: ukikanyaga mafuta kwa nguvu injini ikalia juu huku mwendo ukifuata polepole, hiyo ni tabia ya mkanda, usigombane na mtu. Na wenye giaboksi za klachi mbili, gari kusita kidogo linapojikokota ni jambo linalojulikana, maana ndani ni klachi kama ya manyuo, ila anayeikanyaga ni kompyuta. Kwa hiyo usiende pale kugombea kila kitu. Gombea kile kinachotingisha chupa.

Walianza kwa kubadilisha programu ya kompyuta ya giaboksi. Wiki tatu nzuri, kisha mtetemo ukarudi. Hapo nikaandika barua, kurasa moja na nusu: tarehe za kulipeleka, kilomita za kila safari, namba za kadi za kazi, video mbili. Nikataja Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inayomlinda mlaji, na Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inayotaka bidhaa ifae kwa kazi iliyonunuliwa. Nakala kwa ofisi ya watengenezaji, nakala nyingine nikaandika inakwenda Tume ya Ushindani. Sikuwahi kufika Tume. Siku nne baadaye nikapigiwa simu, na safari hii niliitwa "madam".

Kuhusu majibizano juu ya sevisi iliyochelewa nisiwachoshe. Niliwauliza swali moja kwa maandishi: kilomita 1,300 za kuchelewa kubadili oili ya injini zimeharibuje giaboksi iliyoanza kutetemeka kwenye kilomita 2,400? Jibu halikuja. Giaboksi mpya nzima ikaagizwa, wiki saba, na mimi nikarudi kukodi Kirikuu za kubebea vitambaa kwa hela yangu. Hiyo hela hawakunirudishia mpaka leo.

Sasa mdogo wangu wa Mbeya, fanya hivi. Usisaini kadi ya kazi kabla hujaisoma. Maneno yawe yako, siyo ya mapokezi: linafanya nini, likiwa baridi au limechemka, mwendo gani. Hata wakisema hawajaona kitu, ondoka na karatasi inayosema hawajaona kitu, yenye tarehe na kilomita, kwa sababu tatizo lililoandikwa waranti ikiwa bado hai ni lao, na lililosemwa kwa mdomo ni lako. Taa ya injini ikiwaka, piga picha. Ukiwa na kile kifaa kidogo cha kusoma makosa, chomeka chini ya usukani, piga picha ya namba kabla ya kulipeleka. Ukiona P0700, hiyo ni kompyuta ya giaboksi inasema tu ina kosa kwake, wao wana mashine ya kusoma kosa lenyewe. Usiruhusu mtu atoe waya wa betri kwanza, maana kumbukumbu zinaweza kufutika. Sevisi zote kwao, kwa wakati, risiti ya EFD kwenye faili. Na karatasi, nimeshasema karatasi? Nasema tena. Tuache hii tabia yetu ya kuogopa kuonekana wasumbufu. Unalipa milioni 86 halafu unaona haya kudai kalamu! Wanawake hasa, tukiingia pale tunapunguza sauti. Ya nini? Usipunguze. Mwombe foromani, siyo mapokezi, na mpandishe garini saa ambayo gari linaugua.

Wakikubadilishia giaboksi, dai waandike waranti ya hiyo mpya. Yangu niliandikiwa miezi 12.

Gari sasa lina kilomita 31,000. Desemba tulikwenda Iringa kwenye mahari, shemeji kakaa mbele. Kitonga tulipanda nyuma ya malori mawili ya Zambia, mwendo wa kinyonga, simama, sogea, simama, jua la saa nane. Nilikuwa naangalia chupa ya maji kuliko barabara. Haikutikisika. Nikageuka nimwonyeshe shemeji, nikamkuta amelala mdomo wazi.