Uliza Fundi: Kubandika skrini kwenye muving hedi

Swali: Asalaam aleikum fundi. Sisi ni vijana wa hapa Bamburi, tunafanya saundi na taa, kazi zetu nyingi ni harusi. Tunazo biimu nane za wati 230, zile muving hedi za kichwa kinachozunguka, na bodi ya DMX ya kuziamrisha taa kwa waya. Sasa wateja wanataka jina la bibi harusi na bwana harusi liwake stejini pamoja na mapicha picha, nikawaza nibandike vipaneli vya LED kwenye vichwa vya zile taa viwe vinazunguka nazo, halafu nibadilishe picha nikiwa kwenye bodi ama hata kwa simu. Itashika hii?
*Kijana wa taa, Bamburi*

Jibu: Waaleikum salaam mdogo wangu. Skrini weka, wazo lako zuri sana na mteja atalipenda, lakini kichwani usiweke kabisa.

Iangalie taa yako ikiwashwa. Kabla haijatoa hata mwanga inajitafuta kwanza, kichwa kinapanda, kinashuka, kinazunguka mpaka sensa ikionyeshe mwanzo wake uko wapi. Ile mota na mkanda wake vimepimiwa uzito wa kile kichwa tu. Ukiongeza paneli na fremu upande mmoja, mota inaruka hatua, taa inapoteza pozisheni, mara inaandika era (kosa) katikati ya harusi watu wanaingia. Pili, ile balbu ya 230 ni moto kwelikweli na feni zinapumulia kwenye matundu ya kichwa, ukiyaziba na paneli taa inajizima yenyewe kwa joto ama balbu inakufa mapema. Na hapo sijagusa waya, taa nyingi zinazunguka nyuzi 540, yaani mzunguko mmoja na nusu, sasa waya wa paneli ulioko nje utajisokota kwenye mkono wa taa mpaka ukatike.

Kwa hivo paneli ifunge kwenye kitako cha taa, ama kwenye trasi yenyewe, ile fremu ya chuma ya kutundikia taa, pembeni ya taa, pale pasipotembea. Na kusema kweli inapendeza zaidi, jina limetulia linasomeka na miale inacheza kushoto na kulia, manake jina likizunguka na kupinduka hata mama wa bibi harusi halisomi. Kila paneli iwe na mnyororo wake wa usalama mbali na skrubu, hapo chini wanakaa watoto na wazee wa watu, hili sikubembelezi.

Haya, kuiendesha sasa. Wengi wanafikiri DMX itabeba picha, haibebi. Laini moja, inaitwa yunivasi, ina chaneli 512 na huo mpango ni wa tangu 1986, wakati huo watu walikuwa wanawaza dima tu, za kupunguza na kuongeza mwanga. Kipaneli cha 64 kwa 64 kina nukta 4,096, kila nukta rangi tatu, hizo ni chaneli 12,288, na yunivasi moja inatosha nukta 170, utahitaji yunivasi 25 kwa kipaneli kimoja! Kwa hivo picha usiitume, tuma amri. Klipu zako na majina yapakie mapema kwenye kadi ya memori iliyo nyuma ya paneli, bodi iwe inasema tu cheza faili namba 7, mwangaza nusu, spidi hii, pindua juu chini (hiyo ya kupindua utaihitaji siku paneli ikining'inia kwenye trasi). High End Systems wa Marekani kwenye DL.2 yao walitia projekta na kompyuta ya picha humo humo ndani ya taa, bodi ikawa inatoa amri tu, ni njia hiyo hiyo.

Kama mnaye kijana wa elektroniki, ESP32 moja (kikompyuta cha chipu moja) na chipu ya RS-485 ya volti 3.3 ya kupokea laini inasoma DMX na inaendesha kipaneli kama hicho vizuri. Adresi, yaani chaneli ya kwanza ya kila kifaa, zipange hivi: biimu zako zikiwa kwenye modi ya chaneli 16, nane zinaishia 128, basi paneli anzia 201, ukiipa kila moja chaneli 6 ya pili ni 207, ya tatu 213, hivo hivo. Pawa usiibe ndani ya taa, tia sapulai ya volti 5 karibu na paneli, manake volti 5 ukizivuta mbali kwa waya mwembamba zinafika zimechoka na nyeupe inakuwa nyekundu nyekundu.

Simu itumie kupimia mchana ukumbi ukiwa mtupu. Usiku watu wamejaa na simu zao zote ziko hewani hiyo Wi-Fi itakuangusha, kebo haikuangushi. Na ukienda kununua uliza rifreshi, yaani picha inajichora upya mara ngapi kwa sekunde, chukua ya hezi 3,840, za chini zinatoa mistari kwenye kamera na mpiga video atakulaumu wewe.

Swali: Fundi, tukifanya shoo upande wa Mama Ngina, pale ufukweni Mombasa, taa za mwisho zinatetemeka na kujiwasha zenyewe. Tunatumia kebo za maiki. Tatizo ni upepo?
*Msomaji, Likoni*

Jibu: Upepo hauna kosa ndugu yangu, ni hizo kebo. Ya maiki si ya DMX hata kama plagi inaingia, tafuta ya ohm 120, na kwenye taa ya mwisho chomeka plagi yenye rizista ya ohm 120 kati ya pini 2 na 3 ili signali isirudi nyuma. Laini moja isizidi vifaa 32, ikizidi tia splita ya kuigawa laini. Halafu zifungue hizo plagi uangalie pini, chumvi ya bahari inazila kijani kijani, safisha kwa spirit na zikauke kabla hujafunga.