Maswali ya Wasomaji: Nyumba ya Kwanza na Ardhi Iliyo Chini Yake

SWALI: Mhariri, salaam aleikum. Mimi na mume wangu tumepanga Kisauni kwa muda mrefu na sasa tumejaliwa akiba. Dalali ametuonyesha nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita kwa karibu nusu ya bei tulizozizoea. Mwenyewe asema anauza nyumba bila ardhi, na kwamba kila mwezi tutampa mwenye ardhi kodi kidogo tu. Majirani wote wanaishi hivyo. Tununue?
Mama wa watoto wawili, Kisauni

JIBU: Aleikum salaam, dada. Bei ni ndogo kwa sababu unachouziwa ni kuta, paa na milango, pamoja na ruhusa ya kuendelea kukaa hapo kwa ridhaa ya mtu mwingine. Utaratibu wenyewe si utapeli. Tangu zama za wazee wetu, watu wa Majengo, Likoni, Changamwe na huko kwenu Kisauni wamejenga juu ya ardhi isiyo yao wakilipa kodi ya ardhi, na ingawa sheria ya jumla tuliyoirithi kwa Waingereza yasema kilichojengwa juu ya ardhi ni cha mwenye ardhi, mahakama za Pwani zimewahi kuitambua desturi hii ya kutenganisha nyumba na kiwanja.

Hata hivyo, kutambuliwa na mahakama hakukupi usingizi. Mwenye ardhi wa leo huenda akawa mzee muungwana asiyesumbua mtu, lakini siku akifariki warithi wanaweza kumuuzia tajiri anayetaka kujenga ghorofa, na mazungumzo yenu yakaanza upya na mtu asiyewajua. Benki nayo haitaikubali nyumba hiyo kuwa dhamana, kwa kuwa hakuna hatimiliki yenye jina lenu. Hata mkitaka kuongeza chumba cha mtoto, mtalazimika kwenda kuomba ruhusa.

Kwa hiyo, kabla ya kuzungumza bei, mwombe muuzaji akuonyeshe risiti zake za kodi ya ardhi. Ziangalie kwa makini: nani amezisaini, zimeandikwa kiwanja namba ngapi, na je, kuna miezi iliyorukwa? Mara nyingi utakuta risiti zimesainiwa na mkusanyaji tu, na ukiuliza ni nani aliyemtuma, majibu yanakuwa mawili matatu. Chukua namba hiyo ya kiwanja, ufanye sachi, yaani upekuzi wa rejista, kwa Msajili wa Ardhi, kisha umtafute mwenye jina lililo kwenye rejista na umuulize mambo mawili: je, anamtambua huyu anayewauzia, na je, yuko tayari kuwapa mkataba wa kukodi wa miaka mingi utakaosajiliwa, au hata kuwauzia kile kipande chenyewe? Familia kadhaa zimefika bei kwa njia hiyo, kwa sababu kodi ndogo ndogo humchosha hata anayeipokea.

Akikataa yote mawili, ushauri wangu ni kwamba msiweke hapo akiba ya maisha yenu. Najua nyumba imewapendeza, na najua kupanga kunachosha.

SWALI: Nimepata fleti ya ghorofa ya tatu Nyali, katika jengo lililokaa miaka mingi kiasi. Muuzaji amenipa nakala ya hati na anataka arubuni wiki hii hii, kwani eti kuna mteja mwingine anayeisubiri.
Kijana wa Tudor

JIBU: Ndugu yangu, mwache huyo mteja mwingine aichukue ikiwa yupo. Nakala ya hati haithibitishi chochote mpaka sachi ionyeshe jina la mwenye mali, kama kuna benki inayoidai, na kama kuna zuio lililowekwa.

Tena, kwa Nyali hasa, sachi pekee haitoshi. Mwezi wa Aprili 2023, Mahakama ya Juu ya Kenya iliamua kesi ya kampuni ya Dina Management dhidi ya Serikali ya Kaunti ya Mombasa. Kampuni hiyo ilinunua kiwanja cha Nyali kilichopita mikononi mwa wamiliki wengine kabla yake, nayo ilikuwa na hati. Mahakama ilikuta kwamba ardhi ile ilikuwa ya umma na kwamba ugawaji wa kwanza haukufuata sheria, hivyo hati iliyozaliwa na ugawaji huo haikuweza kumlinda hata aliyenunua baadaye kwa fedha zake. Mwagize wakili wako afuatilie historia ya kiwanja mpaka kwa mmiliki wa kwanza, hasa kikiwa karibu na ufuo, barabara au soko. Muulize pia kama fleti imepata hati yake yenyewe kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2020 kuhusu majengo ya fleti, au bado ipo chini ya hati moja ya jengo zima.

Kwa desturi arubuni ni asilimia 10, na salio hulipwa ndani ya siku 90. Fedha hizo zikae kwa wakili, wala zisiingie mfukoni mwa muuzaji. Mkataba uwe wa maandishi, usainiwe na pande zote mbele ya mashahidi, na ikiwa hiyo ndiyo nyumba ya ndoa ya muuzaji, basi ridhaa ya mwenzi wake ni lazima. Katika bajeti yako usisahau ushuru wa stempu wa kuhamisha umiliki, ambao mjini ni asilimia 4 ya thamani: kwa fleti ya shilingi milioni 6, hizo ni shilingi 240,000.

Kisha nenda ukalitazame jengo mchana, ukiwa peke yako. Simama chini ya roshani na kwenye maegesho, utazame juu. Ukiona michirizi ya rangi ya kutu na nyufa zilizonyooka kufuata nondo, au zege limeanza kubanduka mpaka chuma kinaonekana, ujue chumvi ya bahari imeshaingia ndani, na gharama ya kulikarabati itagawanywa kwa wote wenye fleti, wewe ukiwemo. Fungua bomba pia na uonje maji. Yakiwa ya chumvi, uliza ni kiasi gani hutumika kila mwezi kununua maji ya bauza, yaani yanayoletwa kwa lori la tangi.

SWALI: Jamaa mmoja ananiuzia nyumba ya marehemu baba yao, Mji wa Kale. Wamezaliwa watano, naye asema wenzake wameridhia.
Msomaji, Kuze

JIBU: Bado hana cha kukuuzia. Kwanza mirathi ifunguliwe na usimamizi uthibitishwe na mahakama, ndipo warithi wote wasaini. Uliza katika Tume ya Wakfu kama nyumba hiyo si wakfu, kwani mali ya wakfu haiuzwi, na uulize Makavazi ya Kitaifa ni marekebisho gani yanayoruhusiwa, kwa kuwa Mji wa Kale ni eneo la hifadhi. Ikiwa mmoja wa ndugu hao yuko Ughaibuni, amteue mtu kwa hati ya uwakilishi iliyosajiliwa. Ujumbe wa simu wa kusema amekubali haumfungi.