Adui wa filamu asiyesahaulika

Umeuliza kwa nini baadhi ya maadui wa filamu hutukaa akilini kwa miaka mingi, ilhali wengine tunawasahau kabla hatujatoka ukumbini. Kwa maoni yangu, jambo kuu ni adui kuwa na hoja ambayo mtazamaji hawezi kuipuuza. Killmonger, aliyeigizwa na Michael B. Jordan katika Black Panther ya mwaka 2018, anadai kwamba Wakanda, nchi ya kubuni ya Kiafrika, imejificha na utajiri wake huku watu weusi wakiteseka kwingineko duniani, na hoja hiyo ni nzito kiasi kwamba T'Challa, mfalme wa Wakanda, baada ya kumshinda, anaamua kuifungua nchi yake. Tunaikataa njia yake ya umwagaji damu, lakini uchungu wake tunauelewa, na hapo ndipo anapotunasa.

Wingi wa muda kwenye skrini si sharti. Anthony Hopkins anaonekana kwa chini ya nusu saa katika The Silence of the Lambs ya mwaka 1991, na bado alipata tuzo ya Oscar ya mwigizaji bora wa kiume, kwa sababu utulivu na adabu ya Hannibal Lecter, muuaji mla watu anayemwigiza, vinatisha kuliko kelele zozote.

Nisichokipenda hata kidogo ni mwandishi kumpa adui kovu usoni badala ya sababu ya kutenda, kwani kovu halielezi uovu, na tena huwaonea watu wenye makovu ambao hawajamkosea mtu.