Jibu: Tanzania ina takwimu mbili za umaskini, ipi ni sahihi?
Habari ndugu. Umeuliza inakuwaje Ofisi ya Taifa ya Takwimu iseme asilimia 26.4 ya Watanzania Bara walikuwa maskini mwaka 2017/18, ilhali Benki ya Dunia inataja karibu nusu, na chanzo ni utafiti uleule wa mapato na matumizi ya kaya. Nilikwama hapohapo nilipoandika tasnifu.

Anza na mstari wa umaskini, yaani kiwango cha matumizi ambacho aliye chini yake huhesabiwa maskini, si data. Mstari wa taifa wa mahitaji ya msingi ulikuwa shilingi 49,320 kwa mwezi kwa kila mtu mzima, nao hauhesabu vichwa: mtoto mdogo huhesabiwa kama sehemu tu ya mtu mzima, kwa hiyo matumizi ya kaya ya mama na watoto watano hayagawanywi kwa sita bali kwa idadi ndogo zaidi, na kila mmoja huonekana ana nafuu. Benki ya Dunia hugawanya kwa vichwa vyote, tena kwa mstari wake wa wakati ule, dola 1.90 kwa siku, uliorekebishwa kulingana na uwezo wa kununua, yaani tofauti za bei kati ya nchi.

Kosa langu lilikuwa kwenye safu moja tu ya jedwali: niligawanya kwa vichwa, kisha nikalinganisha na mstari wa taifa. Umaskini ukapaa, na msimamizi wangu akacheka.

Usichague namba moja. Weka zote mbili, na chini ya jedwali taja mstari na kigawanyo, yaani idadi uliyogawanyia matumizi ya kaya.